Siku ya dhoruba ya theluji ndiyo siku tamu kuliko zote za winta. Anayebisha aje na hoja

#1 Mpangani_Duluth
Wakuu salaam.

Nimeishi Duluth, Minnesota, muda wa kutosha kusema hili bila woga: siku dhoruba ya theluji inapopiga ndiyo siku bora ya winta nzima. Siyo siku ya jua. Siku ya jua huku Januari ndiyo ile baridi yenyewe, anga safi kabisa na unyevu wa puani unaganda ukivuta pumzi. Dhoruba ni kitu kingine. Upepo wa kaskazini-mashariki unasukuma mawimbi ya Ziwa Superior mpaka mjini, shule zinafungwa, magari yanapungua, kila mtu anaghairi alichopanga. Mimi navaa taa ya kichwani, nabeba skii zangu za nyika (vile vipande virefu vyembamba vya kuvaa miguuni na kutelezea juu ya theluji), naelekea Lester Park. Ukishaingia kwenye miti upepo unabaki huko juu, chini unasikia skii tu na pumzi zako.

Sasa maswali. Moja: kwa nini nikisubiri basi kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri meno yanagongana, lakini msituni kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri nafungua zipu ya koti? Pili: kwa nini kila dhoruba ikikaribia, baridi inapunguza makali?

Na ninyi mlioko nchi za baridi mnaojifungia ndani kuanzia Novemba hadi Aprili, njooni mjitetee.

#2 Bwana_Kariakoo
Umechanganyikiwa.

#3 Nyuki_wa_Edmonton
Swali la kwanza jepesi mkuu. Misuli ikifanya kazi, kama robo tu ya nishati ndiyo inayokusogeza, iliyobaki yote inatoka kama joto. Na skii za nyika hazitumii miguu peke yake. Unajisukuma kwa fimbo mbili, kwa nguvu ya mikono, mgongo na tumbo. Ndiyo maana ukitazama orodha ya wanamichezo waliopimwa wakakutwa wanatumia oksijeni nyingi kupita wote, watu wa mchezo huu hawakosekani. Kituoni umesimama tu, mwili unatoa joto la mtu aliyesimama.

Kwa wanaoanza: ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, umevaa kupita kiasi. Toka ukiwa unahisi baridi kidogo, baada ya dakika kumi utakuwa sawa. Na pamba iacheni nyumbani, hata soksi. Pamba ikilowa jasho haikauki, na hilo jasho ndilo litakalokugandisha ukisimama kufunga kamba ya buti. Vaeni sufu au zile nguo za michezo za plastiki.

#4 MamaLulu_Oslo
Mpangani, huku hata hoja yako haina upinzani. Oslo watu wanapanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, wameshika skii mkononi, wanashuka Frognerseteren na hapo hapo wanaingia msitu wa Nordmarka. Jioni njia nyingi zina taa za umeme. Utamkuta bibi wa miaka themanini anakupita anakuambia samahani.

Mimi mwenyewe nilikataa miaka mingi. Mwanangu ndiye aliyenitoa ndani. Chekechea za huku watoto wanalazwa nje kwenye vigari vyao wakiwa wamefunikwa vizuri, baridi ikiwepo, na wanalala usingizi mzuri kuliko ndani. Mara ya kwanza nilipokuta hivyo nilitaka kuita polisi. Sasa hivi mtoto ananirekebisha namna ya kushika fimbo.

#5 Bwana_Kariakoo
@MamaLulu mtoto analazwa nje kwenye barafu na mnasifia? Mamlaka za huko ziko wapi?

#6 MamaLulu_Oslo
Mamlaka ndizo zenye chekechea, kaka 😂

#7 Fundi_Tampere
Jibu la swali la pili, kutoka Finland. Dhoruba kubwa za theluji huja na mkandamizo mdogo wa hewa, na mbele yake hewa ya kutoka kusini, yenye joto na unyevu zaidi, inapanda juu ya ile ya baridi. Hiyo moja. Ya pili ni mawingu. Usiku wa anga tupu ardhi inatoa joto lake linapotelea juu. Mawingu yanalizuia na kulirudisha chini. Ya tatu, mvuke unapogeuka kuwa chembe za barafu unaachia joto. Kwa hiyo siku ya jua kali na anga safi ndiyo siku ya kuganda, na siku ya mawingu mazito ni nafuu.

#8 Nyuki_wa_Edmonton
Hiyo ya tatu usiitilie uzito sana mkuu. Joto la mvuke kuganda linaachiwa huko juu mawinguni, halikufikii wewe uliyeko chini. Kinachofanya kazi ni hewa ya kusini na mawingu.

#9 Fundi_Tampere
Linaachiwa juu lakini ndilo linaloiendesha dhoruba yenyewe. Ukiliondoa, hewa yako ya kusini itafikaje?

#10 Binti_Mutrah
Assalaam alaykum jamani. Mimi niko Muscat, kiyoyozi kinavuma hapa na bado nasoma uzi huu kwa hamu. Naomba kuelimishwa: skii za nyika na hizi tunazoziona kwenye televisheni, mtu anashuka mlima mbio, ni kitu kimoja?

#11 Mpangani_Duluth
Dada, ni ndugu lakini hawafanani. Zile za kushuka mlima ni nzito, buti gumu, kisigino kimefungwa, na unahitaji lifti ya kukupandisha. Za nyika ni nyembamba na nyepesi, buti limeshikwa vidoleni tu, kisigino kinanyanyuka. Unatembea nazo tambarare, unapanda nazo, unashuka nazo.

Mitindo ni miwili. Wa zamani unapita kwenye mifereji miwili iliyokatwa na mashine, mguu mbele mguu nyuma. Wa pili unasukuma kwa pembeni kulia na kushoto, una kasi zaidi. Ulienea miaka ya 1980, na aliyeupaisha ni Mmarekani Bill Koch, aliyechukua kombe la dunia la jumla mwaka 1982. Wazee wa Norway walikasirika sana, wakaona mchezo umeharibiwa. Ndipo mashindano yakagawanywa.

#12 Binti_Mutrah
Ahsante. Na unapandaje mlima na kitu kinachoteleza? Si utarudi nyuma?

#13 Fundi_Tampere
Swali zuri kuliko yote hapa. Skii imepindwa kidogo, katikati imenyanyuka. Ukiteleza na uzito umegawanyika miguu miwili, katikati haigusi theluji. Ukikanyaga kwa nguvu mguu mmoja, katikati inashuka na kushika. Hapo katikati ndipo unapopaka nta ya kushikia, na nta hiyo inachaguliwa kwa joto la theluji: kijani kwa baridi kali, buluu kwa ya kawaida, kisha zambarau na nyekundu kadiri inavyokaribia sifuri. Theluji ikishayeyuka na kuganda tena unapaka dubwasha lingine linalonata, likikupata kwenye nguo umeiaga.

Mtu asiyetaka usumbufu ananunua skii zenye magamba chini, au zile zenye kipande cha manyoya. Zinashika bila nta.

Kwenye ncha mbili unapaka nta ya kuteleza. Zamani timu kubwa zilitumia nta zenye florini, zinakimbia ajabu, lakini kemikali zake haziozi. Shirikisho la kimataifa limezipiga marufuku kwenye mashindano kuanzia msimu wa 2023/24, na skii zinapimwa kwa kifaa.

#14 Mkimbiaji_Mstaafu
Mnaongea skii za nyika mpaka bandiko la 13 na hakuna aliyemtaja Philip Boit? Mnatuvunjia heshima sisi watu wa Eldoret.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ikampeleka Finland yeye na mwenzake Henry Bitok, wajifunze skii. Mtu hajawahi kuona theluji! Miaka miwili baadaye yuko Nagano, Japani, Olimpiki ya 1998, kilomita 10. Alifika wa mwisho, lakini Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda dhahabu, alikataa kwenda kupewa medali mpaka Boit amalize. Alisubiri pale nusu saa akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hiyo ndiyo heshima.

#15 MamaLulu_Oslo
Nusu saa umeongeza chumvi, mzee wangu. Dæhlie alitumia dakika 27 na sekunde 24, Boit dakika 47 na sekunde 25. Ni kama dakika ishirini. Na hapo hatujahesabu kwamba hawakuanza pamoja, waliachiwa mmoja mmoja. Mengine yote kweli, na huku bado wanayasimulia.

#16 Mkimbiaji_Mstaafu
Wewe simama kwenye theluji dakika ishirini bila kazi halafu uje uniambie si nusu saa.

Na ujue hakuishia hapo. Alikwenda Salt Lake City 2002, akaenda na Torino 2006.

#17 Bwana_Kariakoo
Sasa hapa ndipo mimi sielewi. Mapafu ya Mkenya wa Bonde la Ufa, yaliyolelewa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Kwa nini aachwe dakika ishirini kwenye kilomita kumi? Hao wa Norway wana nini?

#18 Nyuki_wa_Edmonton
Mbinu. Mtoto wa Norway anavaa skii akiwa na miaka miwili au mitatu. Boit alizivaa akiwa mtu mzima, akapewa misimu miwili.

#19 Mkimbiaji_Mstaafu
Si mbinu tu. Mwili. Mkimbiaji wetu hajengwi mabega, anajengwa awe mwepesi. Skii inataka mgongo na mikono. Ungempa mpiga makasia wa Ziwa Victoria angefika mapema kuliko mkimbiaji.

#20 Fundi_Tampere
Wote mmesahau nta. Timu kubwa ina gari zima la mafundi wa nta wanaojaribu skii asubuhi yote. Mtu peke yake ana jozi ngapi? Nta ikikosewa unabeba theluji chini ya mguu kilomita kumi.

#21 Baba_Neema_Joensuu
Bandugu, miye niko Joensuu, Finland. Batoto yangu banajua skii kuliko miye. Shule inabapeleka siku nzima ya skii, na mwezi wa pili ao wa tatu kuko likizo ya skii kabisa. Nyuki anasema kweli, ni kuanza mudogo. Binti yangu alianza akiwa na miaka sita na leo anapita bafini ba darasa lake. Miye nilianza na makumi ine, nilianguka mbele ya jirani bote.

Lakini ile siku ya baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri skii haiteleze kabisa, ni sawa na kutembea mu muchanga. Kwa nini? Barafu si ni ya kuteleza?

#22 Mwalimu_Morogoro
Karibu kwenye fizikia. Uzito wako unakandamiza barafu, mkandamizo unashusha kiwango cha kuyeyuka, panatokea utando mwembamba wa maji, unateleza. Baridi ikizidi mkandamizo hautoshi. Tulifundishwa hivyo na tunafundisha hivyo.

#23 Fundi_Tampere
Mwalimu heshima yako, lakini piga hesabu. Kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi moja unahitaji mkandamizo wa zaidi ya mara 130 ya hewa ya kawaida. Mtu wa kilo 80 juu ya skii mbili ndefu anakandamiza sehemu ndogo tu ya mkandamizo wa hewa. Hiyo nadharia ya kukandamiza ilikuja karne ya 19 kuelezea kisu cha viatu vya barafu, na hata huko haifiki mbali. Kinachoyeyusha ni msuguano. Bowden na Hughes walilionyesha mwaka 1939: skii inasugua, inazalisha joto, joto linatengeneza utando wa maji. Kwenye nyuzi 25 joto la msuguano halitoshi kuyeyusha, chembe zinabaki kavu na kali, zinakwaruza skii. Ndiyo mchanga wa Baba Neema.

#24 Mwalimu_Morogoro
Umegawa uzito kwa eneo lote la skii. Theluji si sakafu ya vigae. Skii inagusa vichwa vya chembe chache tu, na hapo mkandamizo ni mkubwa mara nyingi kuliko wa hesabu yako. Rudia hesabu.

#25 Nyuki_wa_Edmonton
Na wote wawili mnasahau kwamba barafu inateleza hata ukisimama juu yake bila kusogea, hakuna msuguano. Michael Faraday alishalisema tangu 1850: juu ya barafu kuna ngozi nyembamba isiyo barafu kamili wala maji kamili, hata chini ya sifuri. Kadiri baridi inavyoongezeka ngozi hiyo inakonda. Basi kwenye nyuzi 25 haipo ya kutosha.

#26 Fundi_Tampere
Ngozi ya Faraday ni nyembamba mno kubeba mtu anayekimbia skii. Inasaidia kuanza, msuguano ndio unaoendeleza.

#27 Bwana_Kariakoo
Nilikuja kumcheka mtu wa Pangani, sasa nimekaa darasani.

#28 Dada_Zamu_Winnipeg
Mimi ni muuguzi, nimesoma yote, hakuna aliyegusa upande wa pili. Niseme machache.

Watu weusi tunaumia zaidi na baridi ya ncha za mwili. Hayo si maneno ya mtaani, jeshi la Marekani limeliona kwa wanajeshi wake: weusi walipata majeraha ya baridi mara kadhaa zaidi ya wazungu walio kwenye mazoezi yale yale. Vidole vya mikono na miguu, masikio. Kwa hiyo usimwangalie mwenzako wa kizungu aliyevua glavu ukasema na mimi naweza.

Pili, angalieni kipimo cha upepo pamoja na baridi, si nyuzi peke yake. Kikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na kikizidi kushuka muda unapungua haraka. Na mtu wa skii anajitengenezea upepo wake akishuka kilima.

Tatu, hewa kavu ya baridi inachokoza mirija ya mapafu. Pumu ni jambo la kawaida kati ya wanaoshindana skii za nyika. Wenye kifua funikeni mdomo kwa kitambaa au boshori. Hata mashindano rasmi huahirishwa baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mwisho, ukikwama na gari dhorubani, kabla ya kuwasha injini upate joto, toka ukazoe theluji kwenye bomba la moshi. Likizibwa, gesi inarudi ndani, na haina harufu ya kukuamsha.

#29 Mpangani_Duluth
Dada nakushukuru. Kuhusu weusi na vidole, ni damu au ni mazoea? Maana jamaa zangu waliozaliwa hapa Minnesota hawalalamiki ninavyolalamika mimi.

#30 Dada_Zamu_Winnipeg
Wapo wanaosema mishipa ya vidole vyetu inajifunga zaidi na inachelewa kufunguka. Wapo wanaosema ni ulikokulia. Wapo wanaosema ni mafunzo na buti zisizokaa sawa. Wewe ganda kwanza ndiyo tutajua 😂 Hapana, vaa glavu zile za kidole gumba pekee, zinatunza joto kuliko za vidole vitano.

#31 MamaLulu_Oslo
Mimi naongeza faida ambayo Dada Zamu hakuitaja. Vitamini D. Weusi huku tunapungukiwa sana, ukitoka nje na skii unapata jua.

#32 Dada_Zamu_Winnipeg
Hapana mama. Oslo iko nyuzi 60 kaskazini. Katikati ya winta jua liko chini mno, miale inayotengeneza vitamini D haifiki chini ya kutosha, hata kwa ngozi nyeupe, sembuse yetu, na uso wenyewe umefunikwa. Kunywa mafuta ya samaki au vidonge. Mwanga unasaidia usingizi na moyo, hilo sikatai.

#33 MamaLulu_Oslo
Basi mwanga ndio ninaoufuata. Mafuta ya samaki tunakunywa sana huku, na mandarini na chokoleti mfukoni, huendi skii bila hivyo.

#34 Dereva_wa_Usiku
Nimewasoma kimya mpaka nimechoka. Mimi niko Minneapolis, napeleka vifurushi. Dhoruba ni tamu kwa nani? Kwa mwenye mshahara wa mwezi, mwenye joto la nyumba lililolipiwa, anayeambiwa na bosi leo usije. Sisi dhoruba ikipiga ndiyo oda zinaongezeka, kwa sababu watu wa skii hawataki kutoka kununua chakula. Unasukuma gari peke yako saa nne usiku, unapanda ngazi ambazo mwenyewe hajazoa theluji, anakufungulia amevaa kaptula anakuuliza mbona umechelewa. Na jiji likitangaza dharura ya theluji, gari lako likiwa upande usiofaa wa barabara linavutwa, unalipa faini na gharama za kuvutwa.

Mleta uzi anauliza kwa nini kituo cha basi kina baridi kuliko msitu. Kituoni unasubiri kitu usichokimiliki. Msituni umekwenda mwenyewe. Weka fizikia yote pembeni.

#35 Nyuki_wa_Edmonton
Bandiko la uzi hili. Lakini bado mwili unatoa joto 😅

#36 Mpangani_Duluth
Dereva, mimi ni mtu wa zamu ghalani, si bosi wa mtu. Dhoruba ikifunga barabara zamu inafutwa na silipwi. Naipenda hivyo hivyo. Labda ndiyo siri, kwamba siku hiyo hata anayenidai hawezi kunifikia.

Wazee wa hapa bado wanasimulia dhoruba ya Oktoba 31, 1991. Duluth zilianguka inchi 36.9, karibu mita nzima. Huko kwako Minneapolis 28.4. Watoto walikuwa barabarani na nguo zao za Halloween. Kila anayesimulia anatabasamu, na nina hakika hakuna aliyetabasamu siku ile akizoa.

#37 Dereva_wa_Usiku
Na wale 29 wa Edmund Fitzgerald? Ziwa lako hilo hilo. Novemba 10, 1975, meli ya madini ya chuma, imetoka Superior, mji unaotazamana na wako, ikazama na watu wote. Nao waulize kama dhoruba ni tamu.

#38 Mpangani_Duluth
Ziwani sijasema. Mimi mtu wa pwani, bahari naijua, siendi kuitania. Nimesema msituni.

#39 Baba_Neema_Joensuu
Dereva anasema kweli, na Mpangani pia. Miye mwaka wa kwanza nililia mu theluji. Haikukuwa baridi, ilikuwa ile giza ya saa tisa. Skii ilinifundisha kutoka mu nyumba tu. Sijue kama ni joto ya mwili ao ni kichwa.

#40 MamaLulu_Oslo
Mnaotaka dhoruba yenye historia, watu wa huku wana mashindano ya Birkebeiner. Mwaka 1206, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji wawili kwenye skii walimtorosha mtoto wa mfalme, Haakon, wakampitisha milimani katikati ya dhoruba. Alikuja kuwa mfalme. Leo mashindano ni kilomita 54, kutoka Rena hadi Lillehammer, yalianza 1932, na kila mtu lazima abebe mfuko wa kilo tatu na nusu mgongoni kwa kumbukumbu ya yule mtoto.

#41 Fundi_Tampere
Mtoto alitoka Lillehammer, alipelekwa bonde la Østerdalen. Mashindano yanakwenda kinyume. Kwa hiyo kila mwaka maelfu ya Wanorwe wanamrudisha mtoto kwa maadui.

#42 MamaLulu_Oslo
😂😂 Finland mna wivu, hilo tunalijua.

#43 Mpangani_Duluth
Huku jirani Wisconsin wana shindano la kwao, lilianza 1973, sasa linaishia Hayward. Na sisi Minnesota tuna Jessie Diggins, binti wa Afton, yeye na Kikkan Randall ndio waliowapa Marekani dhahabu ya kwanza ya skii za nyika, PyeongChang 2018. Februari 2024 kombe la dunia lilipokuja Minneapolis, watu walijaa bustani ya Theodore Wirth.

#44 Bwana_Kariakoo
Gharama je? Maana naona mnaongea jozi za skii mbili tatu.

#45 Nyuki_wa_Edmonton
Mtumba. Mwisho wa msimu, Machi na Aprili, watu wanauza kwa bei ya kutupa. Pesa weka kwenye buti, skii yoyote itakupeleka, buti baya litakurudisha.

#46 MamaLulu_Oslo
Norway kuna vituo vya BUA, wanaazimisha vifaa bure. Mnaokuja na familia msinunue kwanza.

#47 Mpangani_Duluth
Minnesota ukipita njia nyingi za skii unatakiwa kibali cha jimbo, kata mapema usije kusumbuliwa njiani.

#48 Mwalimu_Morogoro
Fundi, nimerudi. Nimekaa na karatasi. Hata nikichukua chembe chache zinazogusa, mkandamizo unasaidia nyuzi chache za mwanzo karibu na sifuri. Chini ya hapo nabaki na swali kwako: kama ni msuguano unaoyeyusha, kwa nini aliyepaka nta bora, mwenye msuguano mdogo, anakimbia zaidi na si polepole?

#49 Fundi_Tampere
Kwa sababu maji nayo yakizidi yananyonya skii chini. Unataka utando, hutaki dimbwi. Ndiyo maana chini ya skii huchongwa vijistari vya kutoa maji. Kesho nitaandika marefu, sasa naingia zamu.

#50 Mkimbiaji_Mstaafu
Mkimaliza hayo maji niambieni jambo moja. Nimeona kuna skii za magurudumu za kufanyia mazoezi kwenye lami kiangazi. Nikiagiza jozi, barabara ya Eldoret kwenda Iten inafaa?

#51 Nyuki_wa_Edmonton
Lami inafaa. Swali ni breki. Nyingi hazina.

#52 Mkimbiaji_Mstaafu
Kupanda tu basi. Kurudi nitachukua matatu.